Giethoorn kwenda na kurudi siku moja kutoka Amsterdam: treni, basi na boti

Swali
Wakuu, salaam. Jumamosi tutakuwa Amsterdam watu wazima wanne, mmoja ni mama mwenye magoti mabovu. Tunataka kwenda Giethoorn, kile kijiji cha mifereji huko Uholanzi, na kurudi siku hiyohiyo, bila kukodi gari. Tupande nini, na boti tuendeshe wenyewe?

Jibu 1
Mkuu, pandeni treni hadi Steenwijk, mji wenye stesheni karibu na Giethoorn, mkibadilisha njiani, mara nyingi Zwolle au Almere. Nje ya stesheni pandeni basi namba 70, mshuke kituo cha Dominee Hylkemaweg. Safari nzima ni kama saa mbili. Basi ni takribani moja kwa saa, kwa hiyo treni ikichelewa dakika tano tu, mtakaa Steenwijk muda mrefu. Angalieni basi la kurudi kabla ya kukodi boti.

Nauli mnalipa kwa kugusisha kadi ya benki, kila mtu na yake. Hapa ndipo wengi wanapoliwa: ukiingia kwa kadi ukatoka kwa simu, mashine inahesabu ni watu wawili, hata kama akaunti ni moja. Gusisha unapotoka stesheni ya Steenwijk, kisha upya unapopanda basi, na tena unaposhuka.

Jibu 2
Kuhusu boti: chukueni ya umeme, wenyewe wanaiita fluisterboot, yaani boti ya kunong'ona. Haihitaji leseni, na saa mbili zinatosha.

Kama ina mpini nyuma badala ya usukani, ukiusukuma kushoto boti inakwenda kulia. Boti haina breki: punguza mwendo mapema, na ukitaka kusimama weka rivasi kidogo. Kaa upande wa kulia. Chini ya daraja wote waketi na mikono iwe ndani, maana vidole hubanwa kati ya boti na mbao. Mkikwama kwenye tope msiongeze moto. Sukumeni kwa upondo, maji yenyewe ni kama mita moja tu.

Ziwa la Bovenwijde, lililotokana na kuchimba udongo wa kinamasi wa kuchoma kama kuni, liko wazi. Boti ina tumbo bapa, hivyo upepo ukivuma inateleza upandeupande. Siku ya upepo bakini mferejini.

Jibu 3
Kwa mama, Binnenpad, njia ya miguu kando ya mfereji, ni tambarare, shida ni madaraja: yamepinda kama mgongo wa ngamia. Boti kubwa yenye paa na nahodha itamfaa zaidi, ila ulizeni kwanza ngazi za kuingilia zikoje.

Madaraja ni zaidi ya 170, na mengi yanaishia mlangoni kwa mtu. Ukiona kibao cha Privé, yaani mali binafsi, usivuke, hata kwa picha.

Muulizaji
Asanteni sana. Tufike saa ngapi?

Jibu 1
Kabla ya saa tano asubuhi. Kuanzia mchana wa Jumamosi ya kiangazi boti zinagongana kama daladala stendi.