Nyumba ina giza mchana, nichukue?

Wakuu, nimepata nyumba nzuri ila sebuleni lazima uwashe taa saa sita mchana, ukuta wa jirani umeziba dirisha. Nitazoea au nitajuta?

mzee_wa_kona: Huzoei. Mi nilikaa hivyo mwaka mzima, asubuhi kuamka ni shughuli maana mwili unataka mwanga ndo ujue kumekucha, halafu nguo kabatini zikaanza kunuka ukungu.

dada_mpangaji: Rangi nyeupe ukutani inasaidia, kidogo lakini. Ila usikimbilie jua tu, dirisha langu linatazama magharibi na mpaka saa tatu usiku ukuta bado wa moto.

mzee_wa_kona: Hapo kweli. Kaione asubuhi na saa kumi jioni, uzime taa mwenyewe, madalali huziwasha kabla hujafika 😂