Huduma za wingu ziwe kama LUKU: kampuni zilazimishwe kukata huduma bajeti ikiisha?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari zenu. Kuna jambo limenikaa rohoni, naomba tulijadili.

Mdogo wangu yuko chuo mwaka wa pili. Alifungua akaunti ya wingu, yaani kukodi kompyuta za kampuni kupitia intaneti, kwa kadi yangu ili afanye mazoezi ya somo. Akawasha seva, akamaliza zoezi, usiku uleule akaifuta. "Kaka, nimeshafuta kila kitu." Mwisho wa mwezi benki ikanitumia ujumbe: dola 64 zimekatwa, zaidi ya shilingi laki na nusu.

Tulikaa wawili mezani tukaipitia bili mstari kwa mstari. Seva yenyewe ilikula senti tu. Hela ilienda kwenye hifadhidata aliyoiwasha kwa zoezi la pili halafu hakuirudia, kwenye diski iliyobaki baada ya seva kufutwa, na kwenye anwani ya IP (namba ya seva kwenye intaneti) ambayo hakuna kilichokuwa kinaitumia. Vyote vitatu vilikuwa vinahesabiwa usiku na mchana, yeye yuko darasani.

Na bajeti alikuwa ameweka, dola 5! Barua pepe ya tahadhari ilikuja kweli, ikaangukia kwenye folda ya matangazo, huduma zikaendelea kama kawaida. Mtoto aliamini neno "bajeti" lina maana ile tunayoijua sote.

LUKU ikiisha, umeme unakatika. Vocha ikiisha, simu inakata. Hoja yangu ni kwamba sheria imlazimishe kila anayeuza huduma hizi kwa mtu binafsi aweke kikomo kinachokata kweli, kiwe kimewashwa tangu siku ya kwanza. Asiyekitaka akizime mwenyewe. Naomba kuwasilisha.

Fundi seva

Pole mkuu, lakini napinga. LUKU ikiisha, friji yako inabaki pale pale jikoni. Kwenye wingu, diski inalipiwa kwa kuwepo tu, hata kama hakuna anayeigusa. Ukisema bili isimame kabisa, maana yake diski ifutwe na vilivyomo. Google wenyewe wanaeleza njia ya kuzima malipo ya mradi bajeti ikifika, na hapohapo wanaonya kwamba vitu vinaweza kufutika visirudi tena. Wewe una duka la mtandaoni, tarehe za mshahara wateja wamejaa, unataka likatwe?

Halafu hesabu yenyewe inachelewa. Cost Explorer, ukurasa wa kuchambua gharama wa AWS (wingu la Amazon), husasishwa angalau mara moja kwa saa 24. Aliyeibiwa funguo za akaunti usiku, asubuhi anaangalia namba za jana. Kikomo kinachosoma namba za jana hakimwokoi.

Tufundishe watu kusoma bili. Fungua Cost Explorer, panga gharama kwa huduma, ukiona inayokula sana ipanue kwa aina ya matumizi, na itazame siku kwa siku. Ya mwezi inaficha. Siku kwa siku unaona kabisa mstari ulipanda Jumanne, unajiuliza Jumanne niliwasha nini. Kila kitu kipe lebo ya mradi, na lebo uiwashe upande wa bili pia, la sivyo haitaonekana kwenye mchanganuo. Na ukimaliza zoezi, kagua kila kanda (eneo la dunia zilipo seva) uliyogusa, maana kitu ulichokiwasha kanda nyingine hukioni kwenye orodha iliyo mbele yako.

Mhasibu, Nairobi

Mimi naongeza la dola. Januari 2024 shilingi yetu ilifika karibu 160 kwa dola moja. Bili ya wingu haikubadilika hata senti, lakini kwenye vitabu vyangu ilikuwa imepanda. Wanaoanza waweke kikomo chao kwa shilingi, kisha wakigeuze kuwa dola kila mwezi. Pia watazame bei ya kanda: data ikitoka AWS Cape Town kwenda intaneti ni dola 0.154 kwa GB, ikitoka Virginia, Marekani, ni 0.09. Karibu na nyumbani si lazima iwe nafuu.

Mwanzisha mada

Fundi, la friji nakubali, umenishika. Lakini usiseme haiwezekani. Azure, wingu la Microsoft, wana kikomo cha matumizi kwenye akaunti za majaribio na za wanafunzi: salio la zawadi likiisha, huduma zinasimama. Ukihamia kulipa kadiri unavyotumia, kikomo hicho hakipo tena. AWS nao tangu Julai 2025 wana mpango wa bure kwa akaunti mpya ambao haukati kadi. Kwa hiyo breki zipo, ila zinaondolewa pale hela yako halisi inapoanza kutembea. Hilo ndilo linaloniuma.

Na shinikizo linafanya kazi. Mwaka 2024 mtengenezaji programu mmoja alieleza hadharani jinsi hifadhi yake tupu na ya binafsi kwenye S3, huduma ya AWS ya kuhifadhi faili, ilivyomletea bili ya zaidi ya dola 1,300, kwa maombi ya watu wengine ya kuweka faili humo, ambayo yalikataliwa! Mwezi Mei AWS wakaacha kutoza maombi ya namna hiyo. Ulaya nako sheria ya data inafuta ada za kuhama kutoka kampuni moja kwenda nyingine kuanzia Januari 12, 2027.

Kusoma bili nitamfundisha mdogo wangu, na tumeanza. Lakini pendekezo langu nalirekebisha: kikomo kikifika, kinachokimbia kisimame, diski ibaki siku 30 bila kufutwa, mwenyewe aamue. Kampuni inashindwa wapi hapo?

Fundi seva

Kwa diski ya mwanafunzi ya GB 20, haishindwi. Hapo niko nawe. Kwa hifadhidata ya kampuni ya GB 800, nani analipa hizo siku 30?