Tuse, ni kweli umeanza jimu?

KIKUNDI CHA UKOO, MBEYA NA KYELA

Tusekile: Mugonile ndugu zangu. Shikamooni wakubwa. Kaka, uliniuliza tangu juzi nikanyamaza. Ni kweli, nimeanza jimu hapa Mwanjelwa. Leo ni wiki ya tatu.

Kaka Ambakisye: Marahaba. Mdogo wangu, una sukari, una presha, umri miaka 52, halafu unakwenda kunyanyua vyuma na vijana? Mgonjwa hupumzika. Baba alipoambiwa ana sukari alitulia kibarazani.

Tusekile: Alitulia kaka, na miguu yake sote tuliiona ilipofikia. Mimi ndiye niliyekuwa nafunga kile kidonda. Ndiyo maana sitaki kukaa.

Atupele: 😢 Kweli dada.

Ipyana: Shikamooni wazazi. Mama, niko nyuma yako. Ila Atu kaniambia siku ya pili ulitaka kuanguka. Mbona hukunipigia?

Tusekile: Sikutaka upate wasiwasi huko Dar, baba. Ngoja niwaeleze wote, maana kosa lilikuwa langu na sitaki limpate mwingine.

Siku hiyo niliamka saa 11 alfajiri, nikameza dawa zangu zote mbili za sukari, metformini na glibenklamidi. Nikasema uji nitakunywa nikirudi. Nikapanda mashine ya kukimbilia. Kama dakika ishirini hivi, mikono ikaanza kutetemeka. Nikadhani baridi, mnaijua Juni yetu. Lakini jasho linanitoka, moyo unakwenda mbio, namba za kwenye mashine sizisomi tena. Mwalimu akaniuliza, mama vipi? Nikamjibu niko sawa.

Nilikuwa nimemficha. Fomu yao ina sehemu ya magonjwa, nami niliandika HAKUNA. Niliona haya mbele ya wale vijana. Angekuwa anajua, asingekubali jibu langu. Dada mmoja wa mashine ya jirani ndiye aliyenikalisha akaninunulia soda. Baada ya robo saa nikapata akili. Nyumbani nikapima sukari, 4.6, na hiyo ni baada ya kumaliza chupa nzima.

Subilaga (nesi): Pole sana dada. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, hata kwa mtu ambaye insulini yake, ile homoni ya kushusha sukari, imechoka. Hiyo ndiyo faida ya mazoezi kwa mwenye kisukari. Lakini glibenklamidi nayo inaisukuma kongosho itoe insulini, uwe umekula au hujala. Viwili hivyo vikikutana na tumbo tupu, sukari inaporomoka. Metformini peke yake ni nadra kuleta hali hiyo.

Kaka Ambakisye: Basi aache hiyo jimu.

Subilaga (nesi): Hapana kaka. Asiache mazoezi, na dawa pia asijipunguzie mwenyewe. Alitakiwa aanzie kliniki.

Tusekile: Nilikwenda kesho yake. Daktari kabadilisha dozi. Kanipima presha, macho na miguu. Macho nilishangaa, kumbe mishipa ya ndani ya jicho ikiwa imeshaharibika, kujikaza na kubana pumzi ukiinua kitu kizito kunaweza kuipasua. Yangu bado mazima, namshukuru Mungu. Sasa napima sukari kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya 5, nakula ndizi kwanza. Ikishuka chini ya 4, sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji, nasubiri dakika 15, napima tena. Raba na soksi muda wote, na jioni naangalia nyayo.

Na fomu nimeiandika upya. Mwalimu sasa ananiuliza kila siku, mama umekula?

Ipyana: Ndaga fijo, asante sana Mama Subi. Mama, stripu za kupimia nitakutumia mimi kila mwezi.

Subilaga (nesi): Na usiku pia uwe macho dada, mazoezi ya leo yanaweza kuendelea kushusha sukari hadi kesho.

Mama Mkubwa Uyole: Naandikiwa na mjukuu. Tusekile mwanangu, huko kutetemeka na jasho, mimi kunanipata shambani. Nikienda kupalilia viazi asubuhi na mapema. Nilijua ni njaa tu, au uzee.

Subilaga (nesi): Shikamoo mama. Unakunywa dawa kabla ya kwenda?

Mama Mkubwa Uyole: Marahaba. Nakunywa, ili nisisahau. Chakula nakula nikirudi, kama saa 5.

Subilaga (nesi): Mjukuu, piga picha boksi la dawa za bibi utume hapa sasa hivi.

Mama Mkubwa Uyole: 📷 Picha

Subilaga (nesi): Ni ileile, glibenklamidi. Mama, jembe nalo ni mazoezi. Kesho shambani usiende. Ule kwanza, kisha uje kliniki na boksi hilo, nitakuwepo. Kwa umri wako dawa hii inahitaji kuangaliwa upya.

Kaka Ambakisye: Nani yupo Uyole wa kumsindikiza?

Atupele: Mimi nitampitia na bajaji saa 2.

Kaka Ambakisye: Nauli natuma mimi. Tuse, hiyo mashine ya kupimia, mpime mama kabla hajalala leo.

Tusekile: Nimeshatoka kaka, niko kwenye daladala.

Mama Mkubwa Uyole: Sukari nimeifunga kwenye pindo la khanga. Njoo mwanangu, mlango uko wazi.