Fundi amefuta kijiti cha oili kwa kitabu cha gari langu, na tambara alikuwa nalo begani

Wakuu, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka, kwa hiyo mnisamehe herufi zikiruka. Yule fundi mnamfahamu. Sina haja ya kumtaja, kwa kuwa hakuna mmoja wetu humu ambaye hajapata kumsikia akiihukumu injini kabla haijawashwa. Leo nilimpelekea gari la familia, gari la petroli la kawaida kabisa, ili amwage oili na kubadilisha filta, kazi ambayo binti yangu wa darasa la nne angeimaliza kama angelikuwa na urefu wa kufikia boneti.

Nilikwenda na oili yangu mwenyewe, ile ya kawaida isiyo ya sinthetiki, mnato wa 5W-30, yenye mduara wa API, taasisi ya petroli ya Marekani, na herufi SP za daraja la ubora, kama kitabu kinavyoagiza. Akaitazama kama mtu aliyeletewa maji ya kunawa, akatamka kwamba oili za siku hizi hazina dawa, na kwamba ataongeza "ya kwake" kutoka katika kichupa kisicho na maandishi wala aibu. Nikamfungulia kitabu kwenye jedwali la oili, nikaweka kidole juu ya mstari wenyewe. Akakipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, akachomoa kijiti cha oili, na akakifuta kwa ukurasa ule ule. Kisha akageuza ukurasa akafuta upande wa pili, maana kijiti nacho kina pande mbili.

Tambara lilikuwa begani mwake! Lilikuwa hapo muda wote, limening'inia kama nishani ya vita.

Halafu akaniinulia ukurasa ule, doa jeusi likiwa limeimeza 5W-30 yote, akasema, "Unaona? Imeoza." Haikuoza, bwana wee. Ndani ya oili mna sabuni za kalsiamu na magnesiamu zinazosafisha pistoni, na mna viongezeo vingine vinavyoyashika masizi na kuyaweka yakielea ili yasigande kuwa tope, kwa hiyo oili inayogeuka nyeusi mara nyingi inaonyesha tu kwamba dawa hiyo anayosema haimo inafanya kazi yake. Oili isiyo na dawa ipo kweli kwenye orodha ya API, inaitwa SA, na API yenyewe inaeleza kwamba haifai kwa injini nyingi za petroli zilizoundwa baada ya 1930. Mtu huyu anagombana na oili ya zama za babu yangu, na amechagua kitabu changu kiwe uwanja wa vita.

Kabla sijafunga mdomo, kichupa kilikwisha kumiminwa. Nikadai kitabu changu. Akanirudishia, lakini kwanza akajifutia kidole gumba kwenye jalada.

Nyundo Baridi: Pole sana mkuu. Umetueleza tambara lilivyoning'inia na kijiti kilivyogeuzwa, ila hukutuambia kijiti kilionyesha oili imefika wapi. Ilikuwa imepungua au haikupungua?

Mzee wa Ringi: Mleta uzi anakuza mambo. Mimi natumia 20W-50 katika kila gari nililowahi kumiliki, kwa sababu oili nzito ndiyo inayolinda injini, na vitabu viliandikwa na watu wasiowahi kushika spana.

Nyundo Baridi: Mzee wangu, namba yenye W hupimwa kwenye baridi na ile ya pili hupimwa kwenye nyuzi 100. Injini iliyoundwa kwa 30 ina nafasi nyembamba za kupitisha oili, nawe unaisukumia uji. Asubuhi, gari linapowaka, kemshafti yako, mhimili unaofungua vali, inaisubiri oili ifike kama abiria wa basi la mwisho.

Mleta uzi: Naomba turudi kwenye ukurasa. Alikuwa na tambara.

Sitaki Presha: Kinachonitisha mimi ni kile kichupa. Oili ya SP ya mnato huo imewekewa ukomo wa fosforasi wa asilimia 0.08, kwa kuwa zinki na fosforasi hutandaza utando unaozuia chuma kulika, lakini fosforasi ikizidi huharibu masega ya ekzosi yanayosafisha moshi. Waliochanganya oili walipima kila kitu kwa mizani, naye amekorogea humo kitu asichokijua jina. Hata hivyo nakiri, kitabu changu kimekaa miaka minne hakijafunguliwa.

Mama Pacha: Afadhali wako amefuta kitabu. Shemeji yangu hujaza oili kupita alama ya juu ya kijiti akisema ziada haiozi. Krenki ikaipiga oili mpaka ikawa povu, na kile kiongezeo cha kuzuia povu hutiwa kidogo mno, hakiwezi kushindana na shemeji. Taa ya oili ikawaka tukiwa mlimani.

Klachi Mbovu: Angalau lenu ni gari. Ndugu yangu alitia kwenye pikipiki yangu oili iliyobaki ya gari, ile yenye viongezeo vya kupunguza msuguano, na klachi inayooga ndani ya oili hiyo ikaanza kuteleza. Kwenye chupa ya pikipiki imeandikwa JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi za namna hiyo, kwa herufi kubwa. Alijibu kwamba injini zote ni ndugu.

Mleta uzi: Jamani, ukurasa wangu.

Nyundo Baridi: Mama Pacha, shemeji alitia lita ngapi?

Mama Pacha: Sita, kwenye injini inayotaka nne. Na bado hakutubu. Tangu jana ananisihi nikaipunguze kwa fundi wake mmoja hodari sana, ambaye anasema nitamtambua kwa tambara la begani.

Klachi Mbovu: Huyo anatengeneza na pikipiki?