Naombeni ushauri: kiongezi gani kitanipunguzia koki kwenye mabaki mazito ya mafuta?

Mwanafunzi_wa_Mabaki:
Wakuu, salaam. Niko kwenye utafiti wa shahada ya uzamili, mada yangu ni ukokishaji wa kuchelewesha: ile njia ya kupasha mabaki haraka tanuruni hadi karibu 500 °C, kisha kuyaacha yamalizie kupasuka ndani ya dramu, mvuke wa mafuta utoke juu na koki, yaani kaboni ngumu, ibaki chini. Malighafi yangu inatoka chini ya mnara wa utupu (unaochemsha mafuta kwa presha ndogo), nzito kweli, kaboni ya Conradson (kipimo cha kaboni inayobaki sampuli ikipashwa sana) ni asilimia 20. Nataka mafuta yaongezeke na koki ipungue, na msimamizi ameniachia nichague kiongezi mwenyewe.

Kila ninachosoma kinasifia chake: mafuta mazito yenye aromatiki nyingi (molekuli zenye pete za kaboni), safaktanti (kemikali za jamii ya sabuni), tetralini (kimiminika kinachotoa haidrojeni), chumvi za metali, silikoni. Riakta yangu ni ndogo, inabeba gramu 100 kwa jaribio, haina mtiririko. Nianzie wapi?

Fundi_Dramu:
Karibu, mdogo wangu. Silikoni iondoe kabisa kwenye orodha yako. Sisi wa mitambo tunaitumia kuua povu. Dramu inapokaribia kujaa povu hupanda, likivuka kwenda kwenye mnara wa kutenganishia linapeleka vumbi la koki kwenye mabomba, na hapo kazi inasimama. Silikoni tunayotumia, polidimethilisiloksani, inalituliza, kwa hiyo unaweza kujaza dramu zaidi kila mzunguko. Uzalishaji wa kiwanda unapanda, ila mgawanyo wa mafuta na koki unabaki ulivyokuwa.

Nayo ina gharama yake. Kwa joto lile inakatika vipande vidogo vinavyoondoka na nafta (mafuta mepesi), na silikoni ikifika kwenye kichocheo cha kusafishia nafta kwa haidrojeni inakiua moja kwa moja, hata ukikichoma kukihuisha haitoki. Ndiyo maana mtu makini huchagua ile yenye mnato mkubwa ili adozi kidogo, na huidunga pale tu povu linapokuwa tishio.

Jambo la pili. Kabla ya kiongezi chochote, jua presha, joto na kiasi cha mafuta mazito unayorudisha tanuruni vinafanya nini. Kushusha presha ya dramu kwa takribani nusu ya bar hupunguza koki kwa karibu asilimia 1 ya malighafi. Kiongezi kisichoshinda hilo kinakupa hasara ya kukinunua.

Bi_Asfaltini:
Naungana na Fundi kuhusu silikoni. Sasa tuje kwenye kemia, maana hapo ndipo uchaguzi wako unapopaswa kutoka.

Koki nyingi huanzia kwenye asfaltini, molekuli nzito kuliko zote za mafuta. Kwenye mabaki ghafi zimeelea kwa sababu resini (molekuli nzito kiasi) na aromatiki zinazizunguka. Ukipasha, minyororo ya pembeni inakatika, asfaltini inabaki kiini kitupu chenye pete nyingi, na wakati huohuo mafuta yaliyoizunguka yanapoteza uwezo wa kuishikilia. Inajitenga na kuwa tabaka la pili. Ndani ya tabaka hilo radikali huru (vipande vya molekuli zilizokatika) hazipati haidrojeni karibu, zinaungana zenyewe kwa zenyewe, na koki ndiyo hiyo.

Kwa hiyo kila kiongezi kiulize: unachelewesha kujitenga, au unaleta haidrojeni? Mafuta ya chini ya mnara wa kitengo cha kupasulia kwa kichocheo yana aromatiki nyingi, yanafanya kazi ya kwanza. Hayo ndiyo ningeanza nayo. Yana faida nyingine pia: malighafi yenye asfaltini nyingi hupenda kutoa koki ya risasi, yale magololi yanayoporomoka wakati wa kukata koki itoke kwenye dramu, na aromatiki huisogeza kuelekea koki ya sifongo, yenye vitundu.

Tetralini inatoa haidrojeni vizuri sana, lakini inachemka kwenye 207 °C. Kwenye riakta yako yenye presha ndogo itakuwa imeshapanda juu na kuondoka kabla kazi haijaanza. Ukitaka kitoa haidrojeni, tafuta kizito kinachobaki kwenye kimiminika hadi juu ya 400 °C.

Chumvi za metali mimi sizipendi kwa kazi hii. Metali inabaki karibu yote kwenye koki. Sodiamu na kalsiamu huharakisha kuungua kwa anodi za kuyeyushia alumini, ambazo hutengenezwa kwa koki, kwa hiyo koki inashuka daraja, na sodiamu ni ileile inayoziba mabomba ya tanuru.

Mizani_Kwanza:
Ushauri wa Bi Asfaltini nimeupenda, ila una mtego ambao umeharibu tasnifu nyingi. Ukichanganya asilimia 10 ya mafuta ya aromatiki, sehemu kubwa itapita na kutoka kama mafuta. Koki itaonekana imepungua hata kama kiongezi hakijafanya lolote, kwa sababu umeweka mabaki machache tu.

Fanya hivi: kokisha mabaki peke yake, kokisha mafuta ya aromatiki peke yake, halafu kokotoa wastani kwa uzito. Mchanganyiko ukitoa koki chini ya wastani huo, hapo una la kusema. Ukilingana nao, umeyazimua tu.

Pili, kanuni ya mkono inasema koki ni takribani mara 1.6 ya kaboni ya Conradson, maana yake wewe tarajia karibu asilimia 32. Kwenye gramu 100, gramu moja iliyoganda kwenye bomba la kupoozea ni asilimia nzima, na viongezi vingi vinatafuta faida ya asilimia moja au mbili. Pima gesi yenyewe, usiipate kwa kutoa koki na mafuta kwenye jumla. Rudia jaribio lisilo na kiongezi mpaka ujue linatofautiana lenyewe kwa lenyewe kiasi gani, ndipo uguse kiongezi.

Mwanafunzi_wa_Mabaki:
Asanteni sana, wakuu. Chumvi, silikoni na tetralini nimeziweka pembeni, naanza na aromatiki. Na safaktanti? Pia joto: kipimo changu kiko kwenye ukuta wa riakta, kinatosha?

Bi_Asfaltini:
Safaktanti nyingi zenyewe zinapasuka kabla ya 500 °C. Kazi yake, kama ipo, ni mapema, kuzuia asfaltini zisishikane mabaki yakiwa bado yanapashwa. Riakta yako inapanda joto polepole kuliko tanuru, kwa hiyo matokeo yake hayatafanana na ya kiwandani. Iache iwe ya mwisho.

Mizani_Kwanza:
Ukuta hautoshi. Kupasuka kunakula joto, kwa hiyo kimiminika kinaweza kuwa chini ya ukuta kwa nyuzi nyingi, na tofauti hiyo inabadilika kadiri malighafi inavyobadilika. Ukiongeza aromatiki, tofauti nayo inahama, nawe utadhani ni kiongezi. Ingiza kipimo cha pili ndani ya mabaki yenyewe, karibu na kitako, na muda wa kukokisha uanze kuuhesabu kwa hicho cha ndani.