Eti CHUMVI! Chumvi ndiyo iliyoandika sdb1 kwenye fstab?

Wa_Mkomani:
Jamani watu wa Lamu, fundi aliyeniwekea seva mnamjua, sina haja ya kumtaja. Stima imekatika alasiri hii, imerudi, diski ya nje ya seva haikujimaunti, yaani haikujiunganisha na folda yake. Kupigiwa simu, jibu lake: "Ni chumvi ya bahari hiyo." CHUMVI!

Fungua /etc/fstab, faili la Linux lenye orodha ya diski za kumaunti, unakuta ameiita diski /dev/sdb1. Herufi hizo hugawiwa kwa jinsi diski zinavyowahi kuonekana; stima ikirudi, sdb ya jana leo ni sda. Na nofail, neno la kuiambia seva iwake hata diski isipoonekana, hakuweka! Seva ikiwaka bila kuiona diski inangoja sekunde 90 nzima, halafu inaangukia hali ya dharura, ssh, njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali, haiingii ng'o. Seva yenyewe haina kioo, mpaka ubebe televisheni ya sebuleni uipandishe darini ndiyo ujue inalia nini.

Ukimuuliza UUID (kitambulisho cha diski kisichobadilika herufi zikibadilika), chumvi. Ukimuuliza nofail, chumvi. Wallahi ukimsalimia ataitikia chumvi. Chumvi ina vidole vya kuchapa sdb1?

Babu_Kusi:
Kosa la kwanza ni lako, umelipa bila kuisoma fstab na mistari yake haifiki kumi. Piga `lsblk -f`, nakili UUID, futa uchafu wake, andika:

`UUID=weka-yako /mnt/hazina ext4 defaults,nofail,x-systemd.automount,x-systemd.device-timeout=10s 0 2`

Kisha `sudo systemctl daemon-reload`, halafu `sudo systemctl start mnt-hazina.automount`. Tangu hapo ukigusa folda tu, diski inajimaunti. Hakikisha kwa `findmnt /mnt/hazina`. Ukiona autofs peke yake, ndiyo automount inangoja tu, diski bado haijaingia. Ext4, mfumo wa mafaili wa diski yenyewe, ikitokea, imeingia.

Mwanashela:
Babu umeruka la muhimu. Kabla ya kuwasha automount, diski ikiwa haijamauntiwa, piga `sudo chattr +i /mnt/hazina`, folda ifungwe isiandikwe kitu. Folda tupu ikiachwa wazi, programu ya nakala haijui kwamba diski haipo, inamwaga kila kitu kwenye kadi ya kumbukumbu ya seva. Diski ikirudi inayafunika mafaili yale, huyaoni, na kadi imejaa pomoni. Watu hukesha wakitafuta kilichoijaza.

Wa_Mkomani:
Ahsante, nimeandika yote. Lakini alisema chumvi, Mwanashela! Bila hata kusita!

Msafiri_Malindi:
Bwana punguza presha. Soma `dmesg`, kumbukumbu ya ujumbe wa mfumo, kwanza. Kama "USB disconnect" inajirudia na stima ipo, hata fstab ya dhahabu haikusaidii, diski inakosa nguvu. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya seva kama hizi, inatoa ampea 1.2 tu kwa matundu yote manne ya USB, na diski ya kuzunguka peke yake huweza kukaribia ampea moja inapoanza. Weka habu (kigawanyio cha matundu ya USB) yenye adapta yake ya umeme. Na plagi uisugue, hewa ya pwani hula chuma kweli.

Wa_Mkomani:
Kwa hiyo na wewe unasema chumvi.

Msafiri_Malindi:
Nasema ampea. Soma tena.

Babu_Kusi:
Habu yenye adapta ataipata wapi hapa? Zinazouzwa zina tundu la adapta, adapta yenyewe haimo kwenye boksi. Ukiuliza unaambiwa tumia ya simu.

Mwanashela:
Usinitoneshe kidonda, Babu. Habu iliyoagizwa ipo gatini Mokowe, upande wa bara, siku ya nne, mwenye boti anadai mzigo hauna jina, na jina limeandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya boksi!

Wa_Mkomani:
Sawa, lakini chumvi…

Babu_Kusi:
Boti gani hiyo, ya asubuhi? Maana na betri yangu iko huko huko.