Je, macho yatoe ushahidi wa jeraha la ubongo la mwanajeshi mstaafu?

Mwanahamisi: Nchini Marekani, tangu 2007, wanajeshi waliorudi kutoka Iraq na Afghanistan huulizwa kuhusu mlipuko, kupoteza fahamu na dalili zilizofuata, na majibu yote hutoka mdomoni mwa anayeulizwa. Mwishoni mwa 2018 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliidhinisha EyeBOX, kifaa cha kusaidia kutambua mtikisiko wa ubongo: unaegemeza kidevu, unatazama video ndogo inayozunguka pembezoni mwa skrini kwa muda usiofika dakika 4, na kamera inapima kama macho mawili yanakwenda pamoja. Naona kila anayedai fidia apimwe hivyo, kwani mdomo hudanganya lakini jicho haliwezi kuigiza.

Askari Mstaafu: Dada, hilo neno “kuigiza” umelipata wapi? Nilivaa sare za nchi hiyo, gari letu likarushwa na bomu la barabarani, siti skani, ile picha ya ndani ya kichwa, ikatoka safi, nami kwa aibu sikudai hata senti kwa miaka sita. Leo binti yangu ndiye anayenisomea barua za benki, maana nikifika mstari wa tatu maandishi yanaanza kupandana.

Nesi wa Minnesota: Kabla hamjagombana: kifaa hicho kiliidhinishwa kitumike ndani ya wiki moja baada ya kuumia, kwa watu wa miaka 5 hadi 67, tena pamoja na uchunguzi wa kawaida wa daktari. Isitoshe, kukosa usingizi, pombe na baadhi ya dawa pia huvuruga mwendo wa macho.

Mwanahamisi: Kaka, sikukutaja wewe. Nilizungumzia utaratibu, na aliyeumia kweli ndiye angefaidika zaidi.

Kijana wa Tabora: “Aliyeumia kweli” ni tusi lile lile lililofungwa kanga mpya. Januari 2020, makombora ya Iran yalipopiga kambi ya Al-Asad nchini Iraq, walikokuwa wanajeshi wa Marekani, Trump alisema amesikia kwamba wanajeshi hao wana maumivu ya kichwa tu. Baadaye waliogundulika kuwa na majeraha ya ubongo walizidi 100.

Mwanahamisi: Sasa mimi na Trump tumekuwa ndugu! Hiyo Al-Asad inanitetea mimi: kungekuwa na kipimo pale kambini, nani angethubutu kusema hivyo?

Askari Mstaafu: Na kipimo kikisema niko sawa, hizo barua nani atanisomea? Karani hataangalia mistari inayopandana. Ataangalia karatasi yako.

Nesi wa Minnesota: Naona suala la wiki moja halijajibiwa na yeyote.

Askari Mstaafu: Mlipuko wangu ulikuwa wa 2007. Hesabu wiki mwenyewe, Nesi.

Mwanahamisi: Basi mimi nilikuwa nikizungumzia kupima uwanjani, siku ile ile ya mlipuko.

Kijana wa Tabora: Tangu lini? Rudi juu ukasome ulichoandika kuhusu fidia.